Gogo la Gatini

Korongo alikuwa fundi hodari, ila hakujua kuuliza. Wanyama wa mji mmoja wa ziwani walipompa kazi ya kutengeneza upya gati na bustani yao, alilivingirisha hadi vichakani gogo kuukuu walilozoea kukalia wote, akaweka viti vya mawe, kila mmoja na chake.

Siku ya ufunguzi viti vilibaki vitupu. Korongo akafuata vicheko, akawakuta wenyeji wamebanana juu ya gogo.

“Viti vyangu vina kasoro gani?” aliuliza kwa uchungu.

“Havina kasoro, fundi,” Kobe alijibu. “Ila ukikaa pale, huna wa kumwambia sogea.”

Kisha akasogea kumpa nafasi. Korongo akakunja miguu yake mirefu, akakaa kati yao.

“Jamani,” akasema, “gogo tuliweke wapi?”