Pokea kwa Kushoto

Kiharusi kilimlegeza Bi Mwanahija upande wa kushoto, naye alitaka mazoezi ya viungo ili asuke tena ukili wa mikeka kwa mikono miwili. Daktari Shafii, eti mtafiti, alikuwa akichagua wagonjwa wa kuwafanyisha mazoezi hayo. Akamnyooshea kikombe cha maji.

"Pokea kwa kushoto, bibi."

"Kwa kushoto? Mbele za watu?" Bi Mwanahija akamcheka puani. "Wewe ulilelewa au uliokotwa?"

"Basi mkono umekufa. Hafai. Anayefuata!"

"Ngoja, msomi. Kitendawili!"

"Tega," daktari akajibu bila kufikiri.

"Pacha wangu wawili: mmoja hula na wageni, mwenziwe hatumwi ila chooni."

Daktari akakuna kichwa. Wagonjwa kwenye benchi wakaangua kicheko.

"Umeshindwa mikono yako mwenyewe! Nipe mji."

"Sina mji wa kukupa, bibi."

"Basi nipe hicho kikombe."

Akakitwaa kwa kushoto, vidole vikijikunja polepole, kisha akamrudishia kwa mkono uleule, karibu kabisa na pua yake.

"Haya, mtoto wa watu. Pokea na wewe."

Kikombe kikatetemeka baina yao, maji yakimwagikia viatu vya daktari, na benchi zima likainama kuona daktari atapokea kwa mkono upi.