Chumvi ya Siwatu

Tangu tuanze kunywa maji ya bahari, sokoni hakuna tena anayeuza chumvi. Pampu ndogondogo zilizopandwa kwenye utando wa kila seli ya miili yetu huyaacha maji yaingie na kuisukuma chumvi nje, nasi tunaamka mabega meupe kama tuliomwagiwa unga. Tunajipangusa, tunaikung'uta kwenye kopo, na ndiyo tunayopikia.

Jumapili ile nilikuwa nawapikia wakwe kwa mara ya kwanza. Mume wangu Hatibu aliniambia nisihangaike, lakini nilijua mama yake, Bi Mwanakheri, akionja mchuzi humtambua mpishi: aliyegombana, aliyekosa usingizi, anayeumwa akaficha. Nikatia kijiko kizima cha chumvi yangu, nikangoja.

Bi Mwanakheri akaonja. Akafumba macho, akaonja tena.

"Imezidi, Mama?" nikauliza.

"Haijazidi, mwanangu Siwatu. Wewe nakuonja. Hatibu naye yumo kidogo, si mnalala pamoja. Ila kuna mwingine humu."

"Nani tena, Mama?"

"Simjui. Bado hajafika."

Akapiga vigelegele, na mawifi wakaitikia. Hatibu akaangusha kijiko. Nilicheka mpaka nikalia, maana nilikuwa na furaha kuliko siku ya harusi, ingawa mwenyewe nilikuwa sijajua lolote. Nilipofuta machozi, bakuli la mchuzi halikuwepo tena mezani. Wifi mmoja alishawapelekea majirani.

Punde sauti ya mwanamke nisiyemfahamu ikatoka upande wa pili wa ukuta.

"Wa kike huyo."