Mlango Uitikiao Hodi

Tangu serikali ya Sirandu, kisiwa jirani, ipinduliwe, na maharamia waanze kuteka meli, maofisa wa Himaya walikuwa wameamuru kwamba hodi isiitikiwe tena na mwenye nyumba. Mlango wenyewe ndio ulioitikia, kwa sauti ya ofisa. Mwanakombo hakulalamika, mwaka mzima hakuibiwa hata kijiko.

Alasiri moja alisikia hodi iliyomshtua moyo. Alikuwa Riziki, mdogo wake, aliyetoroka Sirandu, miguuni viatu visivyolingana.

"Bibi, huyu ametoka ng'ambo," mlango ulisema. "Unamdhamini?"

"Tumenyonya ziwa moja, mheshimiwa. Namdhamini."

"Karibu," mlango ukasema, ukafunguka.

Mwanakombo alimkumbatia mdogo wake, kisha akaushukuru mlango mara tatu.

"Dada, unaushukuru ubao?" Riziki alimtania. "Na mimi niliyevuka bahari je?"

"Cheka tu. Huko ulikotoka nani angekufungulia?"

Walikula wali wa nazi, wakacheka hadi machozi yakawatoka. Baadaye Mwanakombo alichukua kikapu aende kununua ndimu. Mlango haukufunguka.

"Mdhamini na mdhaminiwa hukaa ndani hadi Sirandu itulie," ulisema kwa upole. "Chakula mtaletewa."

"Ahsante, mheshimiwa," alijibu Mwanakombo, na shukrani hiyo ilitoka moyoni, kwa kuwa mdogo wake alikuwa hai. Akakitua kikapu. Kisha akaugonga mlango wa nyumba yake mwenyewe, kwa upande wa ndani, akasema kwa sauti ndogo, "Hodi."