Jiko la Mwanafunzi wa Aljebra

Sharti la nne la somo la aljebra lilieleweka: jiko la mwanafunzi haliwaki mpaka amalize zoezi la siku mwenyewe. Mwatumu alikuwa amekosea mara tatu, na mchele umelowekwa tangu mchana. Mumewe, Shomari, aliona alivyohamisha saba bila kubadili alama, lakini akafunga mdomo. Jiko lilisikia kila kitu, na msaada ungewanyima moto wiki nzima.

"Toka nje, Baba Hidaya. Macho yako yananisemea."

Akafuta, akaanza upya. Hakuwa mtu wa kushindwa na herufi.

Moto ukawaka saa mbili. Hidaya, wa miaka minne, alipakuliwa wali, asiuguse.

"Niambie kwanza, mama. Leo eksi ni ngapi, ndipo nile?"