Kilima cha Kijani

Wilaya nzima hakuna paa lililomponyoka Mwewe. Hivyo ndivyo alivyomwambia mama yake, aliyepita ofisini kumletea funguo alizosahau nyumbani.

Tangu masika alikuwa akichora ramani kwenye kompyuta, akifuata picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege, paa moja baada ya jingine. Macho yamekuwa mekundu, kidole cha kubofyea kimekufa ganzi. Kesho ramani inakwenda kwa watu wa maji, na mabomba yatapelekwa palipochorwa nyumba tu.

"Haya, nionyeshe kwetu," mama alisema, akivuta kiti.

Mwewe akasogeza ramani hadi kilimani kwao. Mkono ukasita. Kwenye picha, miti ilifunika kila kitu, naye siku alipokichora kilima, kwa uchovu, hakutafuta hata bati moja chini ya matawi. Alikizungushia chote mstari, akakipaka kijani, akaandika: Pori.

"Picha za juu zina mambo yake, mama," alinong'ona, akitaka kuifunga ramani.

Mama aliushika mkono uliokuwa juu ya kipanya. Kwenye meza ya pili, msimamizi wake aliacha kunywa chai.

"Kwa hiyo, mwanangu, asubuhi ulitoka pori gani?"