Mbao Zilizokauka

Fundi Mkemwa alipigilia ubao wa mwisho wa kijumba alichomjengea mkewe, Tabitha, kando ya msitu. Alitaka apumzike humo wakati wa ugonjwa wake, auone mto. Mbao zilitoka kwenye mti ulioanguka wenyewe, zilikuwa bado mbichi, naye akasema zikauke kwanza. Zilikauka kwa miezi minane. Tabitha alizikwa katika mwezi wa saba wa kuzingoja.

Enesi, mdogo wa marehemu, aliingia na mkeka wa dada yake.

“Shemeji, dirisha gani hili la magotini? Utafuga kuku?”

“Ni la mtu aliyelala.”

Enesi akapitisha kidole kwenye maungio ya ukuta.

“Hakuna hata ufa.”

“Mbao mbichi zingepinda.”

“Zingepinda, ndiyo. Na yeye angekuwa humu anazicheka.”

Fundi alifumba macho ili aombe, lakini alilopata kusema ni “Ee Mungu” tu. Akatandika mkeka chini ya dirisha, akajilaza ukingoni, akaacha nafasi upande wa dirisha. Mto ulionekana wote, mpaka kwenye jiwe alilokuwa akifulia Tabitha.