Samaki Mwenye Haraka

Bi Zamda hakuwa na meli wala askari. Hata kiti cha mwenyekiti wa tume ya uvuvi hakikuwa chake: alikuwa amekipata kwa jina la serikali yake. Lakini kura za mataifa yanayovua bahari ile zilikuwa zimelingana kuhusu kufunga uvuvi, na ya kuamua ilikuwa yake.

Kabla ya kupiga kura, aliomba kama kawaida yake aletewe samaki mzima. Akaletewa jodari mdogo. Alimpasua, akainama kumtazama.

"Mwenyekiti, huyo ni wa kukaangwa," alitania Bwana Hizza, mjumbe wa nchi ya Bi Zamda.

"Njoo uone. Bado mtoto, na tumbo limejaa mayai. Zamani hawakutaga mpaka wafikie mara mbili ya huyu."

"Si heri, wakizaa mapema?"

"Wakubwa tumewamaliza, Hizza. Ila huyu nani kamwambia afanye haraka?"

Hizza akamsogelea. "Ukifunga uvuvi, dada yangu, nyumbani watakuondoa."

"Najua."

Aliyaandikia mataifa yote kwamba uvuvi umefungwa msimu mzima. Barua ya kwanza ilikuwa ya kupelekwa kwa serikali yake. Akaifunga bahasha kwa vidole vyenye magamba, akagonga muhuri, akampa tarishi.

Tarishi alishuka ngazi, na paka akamfuata, akinusa bahasha.